Njozi ya Mwisho Isiyokwisha

Mtu wa Ujiji akiamua kuandika historia ya mchezo wa kompyuta wa Kijapani, hana budi aeleze kwanza amefikaje huko. Sisi wa mwambao wa Tanganyika tunawafahamu Wajapani kwa mambo mengine. Tunawafahamu kwa mashine za maboti na kwa magari yapandayo milima ya Kasulu wakati wa masika. Tunawafahamu pia kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto, waliofika pande hizi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuwatafiti sokwe. Mmoja wao, Toshisada Nishida, alipiga kambi Mahale mwaka 1965 akafanya kazi pamoja na Watongwe, na juhudi zake na za wenzake zilisaidia milima ile kutangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985. Kwa hiyo Mjapani si mgeni kabisa kwetu.

Lakini Wajapani hao hao wametunga hadithi ndefu ambayo imezunguka dunia yote na kutupita sisi. Inaitwa Final Fantasy, yaani Njozi ya Mwisho. Ilianza mwaka 1987, na mwaka 2023 lilitoka toleo lake kuu la kumi na sita. Ni hadithi, ila haisomwi wala haitazamwi: inachezwa. Nakala zilizouzwa zilipita milioni 100 miaka mingi iliyopita. Nataka kuisimulia historia yake kwa sababu moja. Kila inapotungwa upya, hadithi hii huelekea kurudi kwenye swali lile lile: ni nani anayeinywa nguvu ya nchi, na ni nani anayelipa? Swali hilo sisi watu wa ziwa hili tumeulizwa kweli kweli, na si mchezoni.

Kwanza nieleze ni mchezo wa namna gani, maana wengi wakisikia mchezo wa kompyuta hufikiria mpira au magari yanayoshindana. Mchezo huu ni wa safari. Mchezaji anapewa kikundi kidogo cha wasafiri, kwa kawaida watu watatu au wanne, na kila mmoja ana kazi yake: huyu mpiga upanga, yule mganga, yule mjuzi wa uchawi. Wanatoka mji mmoja kwenda mwingine kwa miguu. Mjini wanalala, wananunua dawa na silaha, wanasikiliza habari za wenyeji. Njiani wanavamiwa, wanapigana, na kila pambano linawaongezea ujuzi kidogo. Wakikosea hesabu ya akiba wanaangamia porini. Mzee wetu yeyote aliyesikia habari za misafara ya zamani ataelewa mara moja. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa ni hivyo hivyo: kituo kwa kituo, posho kwa hesabu, hongo kwa kila mtemi, na wapagazi wa Kinyamwezi wenye kujua ni wapi pa kulala na ni wapi pa kupita upesi. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuwa wagonjwa na wamechoka, na safari yao yote ilikuwa imetegemea akiba ya shanga, nguo na waya. Mchezo wa Kijapani umeichukua safari ya namna hiyo ukaitia ndani ya kisanduku.

Asili ya michezo ya jinsi hii ni Marekani. Mwaka 1974 ulichapishwa huko mchezo uitwao Dungeons & Dragons, unaochezwa mezani kwa karatasi, kalamu na dadu, ambamo kila mchezaji huvaa uhusika wa mtu wa kubuni. Wanafunzi wenye kompyuta wakauhamishia humo, na mwaka 1981 ikauzwa michezo miwili iliyopata sifa, Ultima na Wizardry. Vijana wa Japani wakaicheza na kuipenda. Mwaka 1986 kampuni ya Enix ikatoa Dragon Quest, kazi ya mtunzi Yuji Horii na mchoraji Akira Toriyama, kwa ajili ya mashine ndogo ya Nintendo iliyounganishwa na televisheni ya nyumbani. Huo ndio uliowaonyesha Wajapani kwamba hadithi ya safari inaweza kuchezwa sebuleni na mtoto wa shule.

Sasa tufike kwenye kampuni ya Square. Hapa pana jambo ambalo mimi kila nikilifikiri hunishangaza. Square ilizaliwa mwaka 1983 kama tawi la kampuni iliyokuwa ikijenga njia za umeme. Mtoto wa mwenye kampuni, Masafumi Miyamoto, ndiye aliyeanzisha kitengo cha programu za kompyuta, na mwaka 1986 kikawa kampuni inayojitegemea. Kwa hiyo hadithi hii, ambayo baadaye ilikuja kumfanya mwuza umeme kuwa adui wake mkubwa, ililelewa katika nyumba ya watu wa nguzo na nyaya. Naliandika hili nikiwa mtu wa mkoa ambao kwa miaka mingi uliishi kwa majenereta ya dizeli, hadi gridi ya taifa ilipoanza kuufikia mwaka 2022. Kwetu umeme haukuwa jambo la kawaida. Tulijua sauti yake ukija, na tulijua kimya chake ukiondoka.

Miongoni mwa vijana walioajiriwa Square alikuwamo Hironobu Sakaguchi, aliyezaliwa mwaka 1962, akaacha masomo ya chuo kikuu ili afanye kazi hiyo. Michezo yake ya mwanzo haikumpatia jina kubwa. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba aliuita mchezo huu Njozi ya Mwisho kwa kuwa alikusudia, usipouzika, aiache kazi na kurudi masomoni. Baadaye yeye mwenyewe alieleza sababu nyepesi zaidi: walitaka jina linalofupishwa kwa herufi mbili za F, na jina la kwanza walilolifikiria lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na mchezo mwingine. Hata hivyo hakukana kwamba hali yake wakati ule ilikuwa ya mtu aliyefika ukingoni. Kampuni ilitaka kutengeneza nakala 200,000. Yeye akasihi ziwe 400,000, kwa hoja kwamba zikiwa chache mno hakutakuwa na toleo la pili. Mchezo ulitoka tarehe 18 Desemba 1987, na nakala zaidi ya nusu milioni zikanunuliwa Japani.

Walioutengeneza walikuwa wachache, wala hawakuwa Wajapani watupu. Aliyeandika programu ni Nasir Gebelli, mzaliwa wa Uajemi aliyehamia Marekani. Sisi tuliozoea kusikia habari za Washirazi waliovuka bahari na kuchanganyika na watu wa pwani hatutashangaa kuona Mwajemi mwingine ameketi Tokyo akiwapangia Wajapani hesabu za hadithi yao. Muziki ulitungwa na Nobuo Uematsu, aliyejifunza mwenyewe bila kupitia chuo cha muziki. Picha za wahusika zilichorwa na Yoshitaka Amano. Mashine ya siku zile ilitoa sauti chache tu kwa wakati mmoja, na picha zake zilikuwa vipande vya rangi kama ushanga. Lakini kutokana na umaskini huo Uematsu alitunga nyimbo ambazo okestra kubwa zimekuwa zikizipiga kumbini. Tarehe 23 Julai 2021, wanamichezo walipoingia uwanjani Tokyo kufungua Michezo ya Olimpiki, Watanzania wakiwamo, muziki uliosindikiza gwaride lao ulikuwa wa michezo ya kompyuta ya Kijapani, na wa Final Fantasy ulikuwamo.

Katika mchezo ule wa kwanza dunia inategemea fuwele nne, za ardhi, moto, maji na upepo. Fuwele zimeingia giza: upepo umekoma, bahari imechafuka, ardhi inaoza. Vijana wanne wanafika, kila mmoja ameshika fuwele iliyozimika. Kazi yao ya kwanza ni ndogo, kumwokoa binti wa mfalme. Mfalme anawashukuru kwa kuwajengea daraja, na ni wanapolivuka daraja hilo ndipo jina la mchezo linapoonekana, kana kwamba yote yaliyotangulia yalikuwa ni kufunga mizigo tu.

Kwa kuwa mchezo uliuzika, ikabidi kuwe na wa pili, na hapo Sakaguchi na wenzake wakakata shauri lililoupa mfululizo huu maisha marefu. Hawakuendeleza hadithi ile. Walianza upya: dunia mpya, watu wapya, matatizo mapya. Kilichobaki ni vitu vichache vya kutambulishana: fuwele, merikebu ziendazo angani, fundi mmoja aitwaye Cid ambaye hurudi kila mara akiwa mtu mwingine, na ndege mkubwa apandwaye kama farasi, chocobo, aliyeingia katika toleo la pili la mwaka 1988. Wasimulizi wetu wanaijua njia hii. Sungura wa leo si lazima awe yule wa jana. Yatosha jina lake, ujanja wake na itikio la wasikilizaji, na hadithi nyingine inaanza.

Toleo hilo la pili linahusu vijana wanne yatima wanaoukimbia mji wao uliochomwa na majeshi ya dola. Wanaanza kama wakimbizi. La tano, la mwaka 1992, linasimulia wafalme waliotengeneza mashine za kuongeza nguvu za fuwele ili wapate zaidi ya kile ambacho fuwele zenyewe zilitoa kwa hiari, na fuwele zikapasuka moja baada ya moja. La sita, la mwaka 1994, linasimulia dola linalowakamata viumbe wa ajabu, linawakamua nguvu zao na kuzitia katika mitambo ya vita. Katika mchezo huo dunia inaangamizwa kweli, katikati ya hadithi, na mchezaji analazimika kuwatafuta wenzake mmoja mmoja juu ya ardhi iliyoharibika. Mtu akiyapanga matoleo hayo kwa safu ataona swali likikua. Mwanzo giza liliingia fuwele kwa uovu wa mashetani. Kisha fuwele zikapasuka kwa tamaa ya wafalme. Kisha ukamuaji ukawa kazi ya dola yenye wataalamu na viwanda. Ilibaki hatua moja, nayo ni ya kampuni.

Hatua hiyo ilifikiwa tarehe 31 Januari 1997, lilipotoka toleo la saba. Square walikuwa wameiacha mashine ya Nintendo na kuhamia PlayStation ya kampuni ya Sony, kwa kuwa hadithi waliyoitaka haikuweza kuenea katika kaseti. Ilihitaji diski tatu. Nakala zaidi ya milioni mbili zilinunuliwa Japani katika siku za kwanza tu, na ndilo toleo lililoupeleka mfululizo huu kwa umati wa Marekani na Ulaya.

Hadithi yenyewe ni hii. Kuna mji mkubwa uitwao Midgar. Wenye nacho wanaishi juu ya bamba kubwa la chuma, maskini wanaishi chini yake bila kuliona jua. Mji unatawaliwa na kampuni ya umeme, Shinra, iliyochimba visima na kuvuta nguvu kutoka ndani ya ardhi. Nguvu hiyo inawasha taa na majiko ya kila mtu, na hivyo hakuna anayependa kuuliza inatoka wapi. Inatoka katika uhai wa dunia yenyewe, mto usioonekana ambao roho za waliokufa hurudi humo na wanaozaliwa hutoka humo. Sakaguchi alifiwa na mama yake kwa ajali wakati wa kutengeneza toleo la tatu, na kwa miaka alitafakari maisha ya mtu huenda wapi yakishatoka. Mto huo ni sehemu ya jibu lake. Kampuni inauchoma mto wa marehemu na watoto wajao ili kuuza umeme.

Miongoni mwa wahusika yumo Barret, mchimba makaa ya mawe kutoka mji wa milimani. Kampuni ilikwenda mjini kwao ikashawishi wajenge mtambo. Yeye mwenyewe aliunga mkono, akaamini kwamba makaa hayana maisha tena. Mtambo ukalipuka. Kampuni ikawalaumu wenyeji na kuuchoma mji. Barret anabaki na mkono mmoja na mtoto wa rafiki yake wa kulea. Ni hadithi ya kubuni, imeandikwa Tokyo na watu ambao, kwa kadiri ninavyoona, hawakuwa wakitufikiria sisi.

Sasa msomaji aniruhusu niirudishe kalenda nyuma miezi mitatu tu, na nirudi ziwani.

Mwezi Oktoba 1996 vita vilianza Kivu ya Kusini, na kabla mwezi haujaisha mji wa Uvira, ulio kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa letu, ukatekwa. Watu wakaingia majini. Walivuka kwa maboti ya mizigo na kwa mitumbwi ya dagaa, wakashuka Kigoma na vijijini kando ya ziwa wakiwa na magodoro, sufuria na watoto. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka huo huo kwa ajili yao; Lugufu ikafuata mwaka 1997. Wakati watoto wa Osaka wakipanga foleni kununua hadithi ya mji uliochomwa kwa ajili ya nguvu zilizo ardhini, sisi tulikuwa tukiwapokea watu wa miji ya namna hiyo. Vita vile havikuanza kwa sababu ya madini. Vilianza kwa damu ya Rwanda ya mwaka 1994, kwa chuki za uraia na ardhi, na kwa kuoza kwa utawala wa Mobutu. Lakini vilipoanza tena Agosti 1998, madini yalikuwa yamekwisha kuwa mafuta ya moto huo.

Mojawapo ni koltani. Ni jiwe jeusi zito, ambalo ndani yake hupatikana chuma kiitwacho tantalamu. Faida yake ni hii: kapasita iliyotengenezwa kwa tantalamu huweza kutunza chaji nyingi ya umeme katika nafasi ndogo sana na hustahimili joto. Bila vipuri vya namna hiyo simu za mkononi na kompyuta ndogo zisingekuwa ndogo. Mwaka 2000 mahitaji ya dunia yaliruka kwa sababu ya simu, kompyuta na mashine mpya za kuchezea, na PlayStation 2, iliyoanza kuuzwa Japani Machi 2000, ni moja ya zile ambazo hutajwa. Bei ya tantalamu ikapanda mara kadhaa mwishoni mwa mwaka huo, kisha ikaporomoka mwaka 2001. Sehemu kubwa ya tantalamu ya wakati ule ilitoka Australia. Lakini bei hiyo ilitosha kuwatoa wakulima wa Kivu mashambani na kuwaingiza mashimoni, na kuyapa majeshi na makundi yenye silaha sababu mpya ya kukalia milima. Aprili 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa juu ya uporaji wa mali za Kongo, na koltani ilikuwa miongoni mwa mali zilizotajwa wazi.

Sikusudii kumhukumu mtoto wa Kijapani aliyewasha mashine yake, wala kusema mashine hii ilibeba jiwe la kijiji kile. Madini yakishapita katika tanuri hayana tena kabila wala kijiji, na hapo ndipo penye tatizo. Katika hadithi ya toleo la saba mtu wa Midgar hawashi taa kwa nia mbaya. Anawasha taa tu.

Miezi mitatu baada ya taarifa ile, Julai 2001, toleo la kumi lilitoka, nalo lilitengenezwa kwa ajili ya PlayStation 2. Kwa maoni yangu hili ndilo lenye hekima kuliko yote. Kuna mnyama mkubwa wa baharini aitwaye Sin, yaani Dhambi, anayekuja na kufuta miji ya pwani. Kila kizazi humtoa msichana au mvulana mmoja mwenye karama, naye huhiji kutoka hekalu hadi hekalu akijiandaa kumshinda. Akimshinda, yeye hufa, na watu hupata miaka michache ya utulivu, kisha mnyama hurudi. Mahujaji wa toleo hili hugundua mwishoni kwamba sadaka yenyewe ndiyo inayomzaa mnyama upya, kwa kuwa mlinzi anayetolewa sadaka ili hujaji apate nguvu ya kumshinda ndiye anayegeuka kuwa Dhambi inayofuata, na kwamba wakuu wa mahekalu walilijua hilo wakanyamaza. Msichana Yuna anakataa. Anaacha kutafuta utulivu wa miaka michache, anatafuta kuikata duara.

Sisi wa Kigoma tunaijua miaka ya utulivu. Mkataba ulisainiwa Lusaka mwaka 1999, mwingine Sun City mwaka 2002, Burundi nayo ikawa na yake Arusha mwaka 2000, na kila mara tulisema sasa watu watarudi kwao. Wengi walirudi. Kisha, Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi walijikuta wamebanana katika kijiji cha Kagunga, kwenye mpaka, milima nyuma yao na maji mbele, na kipindupindu kati yao, hadi Liemba ikapelekwa kuwabeba kwa mafungu kuja Kigoma. Ni meli ile ile iliyoletwa na Wajerumani kabla ya vita vya 1914, ambayo imewabeba watu wa kila vita vilivyofuata. Nyarugusu, watoto waliozaliwa kambini wamekwisha kuwa wazazi.

Mtu ataniuliza: je, vijana wa Kigoma waliucheza mchezo huu unaowasema? Kwa niliyoyaona mimi, ni wachache mno. Mashine zilifika. Pale Mwanga na kwingineko vilifunguliwa vibanda vya gemu, televisheni mbili tatu, benchi la mbao, na vijana wakilipa kwa mechi. Lakini kibanda kinauza dakika, na hadithi hii inataka saa arobaini au zaidi. Anayecheza mpira hucheza, hushindwa, humpisha mwenzake. Anayesafiri na Barret anahitaji mashine iwe yake, umeme usikatike kabla hajahifadhi safari yake, na Kiingereza cha kutosha kusoma maneno mengi kama ya kitabu. Kwa hiyo hadithi inayofanana nasi kuliko filamu nyingi tulizoonyeshwa ilibaki kwa watu wenye sebule. Hilo silioni kuwa njama ya mtu. Naliona kuwa hasara, na tena ni hasara yenye somo: mambo ya watu wa mashimoni na wa mitumbwi yanaweza kuwa hadithi ya dunia nzima, na sisi wenyewe bado hatujaisimulia kwa namna yetu.

Yaliyofuata katika historia ya mfululizo niyapitie upesi. Mwaka huo huo wa 2001 Sakaguchi alitoa filamu yenye jina la mchezo, iliyogharimu dola milioni 137 na kurudisha pungufu sana. Kampuni ikatikisika. Tarehe 1 Aprili 2003 Square iliungana na mshindani wake wa zamani, Enix, na Sakaguchi akaenda zake kuanzisha kampuni nyingine. Wengi walidhani sasa jina limetimia. Halikutimia. Toleo la kumi na nne, linalochezwa na maelfu ya watu kwa pamoja kwa njia ya intaneti, lilitoka mwaka 2010 likiwa bovu kiasi cha kampuni kuomba radhi. Kiongozi mpya, Naoki Yoshida, hakuliziba viraka tu. Novemba 2012 aliiangamiza dunia ile mbele ya wachezaji wake, kwa kuuangusha mwezi, na Agosti 2013 akaifungua upya. Ikafanikiwa. Na lilipokuja toleo la kumi na sita, Juni 2023, swali la zamani lilikuwapo pale pale: mataifa yanaishi kwa fuwele kubwa zinazowapa maji na moto bila kazi, kumbe fuwele hizo ndizo zinazoinyonya ardhi, na jangwa linasogea. Mashujaa wa zamani walikwenda kuziwasha fuwele. Hawa wanakwenda kuzivunja.

Badiliko hilo la miaka thelathini na sita linanigusa kama mtu wa ziwa. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu Tanganyika. Upepo wa kusini-mashariki, unaovuma miezi ya kiangazi, ndio unaoyachanganya maji na kuleta juu virutubisho vilivyolala kilindini. Kwa hivyo huota mimea midogo ya majini, na kwa hiyo huishi dagaa na migebuka. Watafiti hao walionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto, upepo umepungua nguvu, kuchanganyika kumekuwa kugumu, na uzalishaji wa ziwa umeshuka kwa takriban asilimia 20. Maji yanabaki yakimetameta usiku kwa taa za wavuvi, na chini yake uhai unapungua. Nilipousikia utafiti huo nikaukumbuka mchezo wa mwaka 1987: upepo uliokoma, maji yaliyoingia giza. Walioliletea ziwa joto hilo wengi wao hawajaliona, kama vile watu wa juu ya bamba wasivyowaona wa chini.

Lakini si yote yametoka mbali. Nyavu zenye macho madogo tumezitega sisi, na samaki wachanga tumewaanika sisi mchangani. Ndiyo maana nchi nne zenye ziwa hili, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha, na upande wetu uvuvi ukafungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Mitumbwi ilivutwa pwani. Waliolipa wanajulikana: vijana wa mitumbwi wasio na shamba, na akina mama wa Kibirizi ambao dagaa ndiyo ada ya shule. Katika mchezo shujaa akishaivunja fuwele, jua huchomoza na majina ya watengenezaji hupita. Hakuna anayeonyesha mwaka wa kwanza usio na fuwele, watu wamelala na njaa wakingoja ardhi irudishe uhai wake.

Hapo ndipo hadithi ya Wajapani inapofikia kikomo chake, na ndipo yetu ingeweza kuanzia. Wao wametuonyesha kwa uaminifu jinsi nguvu ya nchi inavyonywewa, na wamesema bila kuchoka kwamba inawezekana kukataa. Ni sisi tunaojua gharama ya kukataa kwa miezi mitatu, siku kwa siku, kwa kilo ya unga. Siku kijana wa Ujiji au wa Uvira atakapoketi kuitunga hadithi yake, iwe ya kuchezwa au ya kusomwa, naomba asiiache miezi hiyo nje.